Karama na Barua ya Mhariri: Kumsoma Shaaban Robert Baada ya Kukataliwa

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani kwetu Gitambi, wilayani Rusizi, kwa likizo, nilipopata jibu la mswada wangu. Ulikuwa mkusanyiko wa hadithi fupi tisa za Kiswahili nilizoziandika kwa miaka miwili nikiwa chuoni. Mchapishaji, ambaye sitamtaja, alikuwa amekaa nao miezi kumi na mmoja. Barua yenyewe ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilinishukuru kwa kuwapelekea kazi yangu. Ya pili ilisema mswada haukufikia kiwango cha lugha kinachotakiwa, kwa hiyo hautachapishwa. Chini yake palikuwa na kiambatisho cha kurasa nne, maoni ya msomaji wao. Niliisoma kwenye simu nikiwa nimesimama katikati ya mibuni ya mama, maana kwetu mtandao haushiki mpaka upande juu kidogo.

Niliifuta papo hapo. Kesho yake nilipanda tena shambani, nikaitafuta katika barua zilizofutwa, nikairejesha. Kiambatisho sikukifungua kwa wiki tatu.

Katika wiki hizo nilimwandikia mwalimu wangu wa fasihi. Alinijibu siku ileile: "Kijana wangu, pole sana. Usikate tamaa. Hata Shaaban Robert alikataliwa." Nadhani kila mwanafunzi wa Kiswahili anayejaribu kuandika ameshawahi kupewa sentensi hiyo, au nyingine inayofanana nayo. Hutolewa kama kidonge cha maumivu ya kichwa: bila kumpima mgonjwa. Mimi nilikimeza, lakini maumivu hayakupungua, basi nikaamua kukichunguza kidonge chenyewe. Nilivisoma upya vitabu vya Shaaban Robert nilivyokuwa navyo, safari hii nikiwa na swali moja tu: mtu aliyekataliwa anaweza kujifunza nini hasa kwake? Makala haya ni jibu langu. Nakubali kwamba anafaa kuwa dawa, lakini si kwa namna tunavyoandikiwa.

Tuanze na hadithi inayosimuliwa kwa kawaida. Husemwa kwamba Shaaban Robert aliandika, wachapishaji wakamkatalia au wakamchelewesha, akavumilia, mwishowe akashinda, na leo ndiye baba wa fasihi ya Kiswahili ya kisasa. Ukiitazama kwa karibu utaona ina tundu kubwa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909, akafariki Juni 1962. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza forodhani, kisha katika idara ya mifugo, ofisi ya wilaya na ofisi ya upimaji. Riwaya yake ya Kufikirika aliiandika mwaka 1946. Ilichapishwa mwaka 1967. Kati ya kalamu na kitabu ni miaka 21, na katika miaka mitano ya mwisho mwandishi mwenyewe alikuwa kaburini. Utenzi wa Vita vya Uhuru nao ulitoka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka 1968.

Kwa hiyo ukiniambia kwamba Shaaban Robert alivumilia akashinda, nitakuuliza: alishinda lini? Vitabu vinavyotahiniwa shuleni leo, baadhi yake hakuwahi kuvishika mkononi vikiwa vimefungwa kwa jalada. Mvumilivu hula mbivu, wanasema wahenga, lakini hapa walioila mbivu ni sisi. Yeye alipanda. Mtu anayenipa mfano huu ili kunifariji hana budi kuniambia ukweli wote, kwamba inawezekana nikaandika vizuri, nikavumilia vizuri, na bado nisione kitabu changu.

Kuna kasoro ya pili katika faraja hiyo, nayo ni ya kimantiki. Tunamjua Shaaban Robert kwa sababu hatimaye alichapishwa. Wale waliokataliwa wakati uleule na miswada yao ikaliwa na mchwa hatuwajui, wala hatuwezi kuwatolea mfano. Kati yao wapo walioandika vibaya, na huenda wapo walioandika vizuri kuliko tunavyodhani. Kukataliwa hakuthibitishi kwamba mtu ni hodari, kama ambavyo hakuthibitishi kwamba ni mbovu. Anayesema "nimekataliwa kama Shaaban Robert, basi mimi ni Shaaban Robert" anafanana na mtu aliyeumwa na meno akadai kuwa ni sultani kwa kuwa na sultani naye aliumwa na meno.

Je, tumwache? Hapana. Nadhani tunamtafuta mahali pasipo pake. Tunamtafuta katika wasifu wake uliofupishwa, ilhali jibu analo katika kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma kwa ajili ya mtihani tu: Kusadikika, kilichotoka London mwaka 1951.

Wasomaji wengi wanaijua hadithi. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Kijana Karama anashtakiwa barazani mbele ya mfalme kwa kosa la kuanzisha somo la uanasheria. Mshtaki wake ni waziri Majivuno. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotangulia: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wajumbe hao walitumwa, wanne katika pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini, wakatafute mambo yanayoweza kuinufaisha nchi. Walipata taabu njiani, wakaona nchi nyingine zinavyoendeshwa, wakarudi na maarifa. Kila mmoja alipotoa ripoti yake, alitiwa gerezani.

Shuleni tulifundishwa kukisoma kitabu hiki kama fumbo la ukoloni. Usomaji huo una haki yake, na siupingi. Lakini nilipokisoma Januari, barua ile ikiwa bado kwenye simu, niliona jambo ambalo sikuliona kidato cha tano. Hiki pia ni kitabu kuhusu kazi zilizokataliwa. Mjumbe ni mtu anayetoka nje ya mipaka, anaona, anapanga alichoona kwa maneno, kisha anakileta mbele ya watu wenye uwezo wa kukipokea au kukitupa. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi. Tena tazama jinsi wanavyokataliwa. Ni nadra baraza kuzipima ripoti zao kipengele kwa kipengele. Kosa la wajumbe ni kuleta kitu ambacho baraza halikukizoea. Mwandishi aliyekuwa karani, aliyejua jinsi karatasi zinavyopanda na kushuka baina ya meza za wakubwa, alijua alichokuwa akikieleza.

Jambo lililonishangaza zaidi ni utetezi wa Karama. Angeweza kusema kwamba yeye ni mwema na Majivuno ni mbaya. Angeweza kulia. Badala yake anazichukua ripoti sita zilizozikwa pamoja na wenyewe, akazisoma upya mbele ya baraza lililozikataa, siku baada ya siku, kwa utulivu. Kwa maneno mengine, Karama ni msomaji wa pili. Ripoti ambazo zilifia mikononi mwa msomaji wa kwanza zinapata kusikika tena kwa sababu yupo mtu aliyezihifadhi, akazielewa, na akajua saa ya kuzitoa. Wajumbe hawakutoka gerezani kwa sababu walivumilia. Walivumilia sana, na bado walikuwa ndani. Walitoka kwa sababu ya Karama.

Hapa ndipo ninapokiona kitabu hiki kuwa na nguvu, na hapohapo ndipo ninapokiona dhaifu. Mwishoni mfalme anashawishika. Karama anaachiliwa na wajumbe wanatolewa gerezani. Ni mwisho mtamu, lakini kila kitu kimebaki mikononi mwa mfalme. Baraza lililokosea mara sita linasikiliza mara ya saba, nalo linageuka kwa sababu limesemeshwa vizuri. Shaaban Robert aliamini kwamba wenye mamlaka, wakielezwa kwa hekima, hatimaye watasikia. Maisha yake hayakuuthibitisha mwisho huo. Kama angemfuata Karama wake hadi ukurasa wa mwisho, angekaa Tanga akingoja mfalme ageuke.

Hakukaa. Angalia mahali vitabu vyake vilipochapishwa. Pambo la Lugha, mashairi, lilitoka Johannesburg mwaka 1947, kwa Witwatersrand University Press. Marudi Mema ilitoka hukohuko 1952, na Kielezo cha Insha 1954. Kusadikika ilitoka kwa Nelson, London, 1951. Adili na Nduguze kwa Macmillan, London pia, 1952. Hebu fikiria ramani hiyo. Mshairi wa Kiswahili, aliyezaliwa pwani ya Kiswahili, ilimbidi mashairi yake ayapeleke Afrika Kusini, ambako mitaani hakuna anayeuza samaki kwa Kiswahili, na hadithi zake azipeleke Uingereza. Tunapojifariji kwamba "alivumilia", tunasahau kwamba uvumilivu wake ulikuwa na miguu. Mlango mmoja ulipokuwa mzito, alijaribu mwingine, hata kama ulikuwa ng'ambo ya bahari.

Kisha akajenga mlango wake mwenyewe. Insha na Mashairi kilitoka Tanga mwaka 1959 kwa jina la Art and Literature, kampuni ndogo aliyoianzisha yeye mwenyewe. Almasi za Afrika kikafuata 1960. Sitaki kulipamba jambo hili. Mtu anayejichapisha analipa chapa kwa fedha yake, anabeba vitabu vyake, anakopesha, anadai. Hata hivyo kwangu hilo ni somo zito kuliko mwisho wa Kusadikika. Mwandishi wa kitabu kile alimwachia mfalme uamuzi. Mwandishi yuleyule, miaka minane baadaye, aliamua kutomwachia mtu.

Mtu anaweza kunipinga akisema kwamba kukataliwa kwa wakati ule kulikuwa kwa kisiasa, na kwamba kujilinganisha na wakubwa hao ni kujikweza. Nakubali kwamba lazima tutofautishe. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya andiko lake la Kenya: Twendapi?, akatunga gerezani mashairi yaliyotoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Yeye alikataliwa na dola, na kukataliwa huko kulikuwa na kufuli na askari. Barua yangu ilikuwa na aya mbili na neno "asante". Ni utovu wa adabu kuyaweka mambo haya mawili kwenye mizani moja. Lakini hata kukataliwa kudogo kuna aina zake, na aliyekataliwa asipojua ni aina gani iliyompata hatajua afanye nini. Ndiyo maana nilianza kuisoma barua yangu kama ninavyosoma shairi la mtihani: nani anasema, anasema nini, anasimama wapi.

Nikifungua kiambatisho, nilikuta msomaji wao ametia alama mahali 31. Nilichukua daftari, nikachora mstari katikati, nikaanza kugawa. Upande mmoja niliandika "kosa langu", upande wa pili "si kosa". Baada ya jioni mbili, 19 yalikuwa makosa yangu, manane hayakuwa, na manne sikuweza kuyaamua.

Yale 19 yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Sisi Wanyarwanda tuna shida ya l na r. Masikio yetu hayazitofautishi upesi, na mkono hufuata masikio. Katika hadithi ya tatu, mhusika wangu mkuu, mwalimu mstaafu, anaketi usiku wa manane kumwandikia mwanawe barua. Niliandika kwamba "alishika karamu kwa mkono unaotetemeka." Msomaji alipiga mstari chini ya neno hilo, akaandika pembeni: "Karamu ya nani?" Nilicheka peke yangu pale shambani mpaka mama akauliza kama niko salama. Mahali pengine niliandika "mahari" nikikusudia "mahali", kwa hiyo kijana wangu alifika kwenye mahari akakuta hakuna mtu. Kulikuwa na upatanisho mbovu, "masomo ilianza" na mengine ya namna hiyo, kwenye sauti ya msimulizi ambaye nilitaka awe msomi. Hakuna fumbo la ukoloni hapo. Sikuwa nimehariri kazi yangu.

Yale manane yalikuwa jambo jingine. Hadithi yangu ya sita inahusu mwanamke wa Bukavu anayevuka mto Rusizi kila asubuhi kuja kuuza bidhaa Kamembe. Anapofika sokoni anawaambia wenzake: "Batu banakuya bingi leo." Msomaji alifuta maneno yote na kuandika juu yake: "Watu wanakuja wengi leo. Tumia Kiswahili sanifu." Alifanya hivyo mara nane, na mara zote nane ni katika mazungumzo ya mwanamke yule. Mtu yeyote aliyewahi kusimama soko la Kamembe anajua kwamba mwanamke huyo hawezi kusema "watu wanakuja wengi leo." Akisema hivyo wenzake watamtazama usoni kuona kama ana homa.

Hapa ndipo inapobidi kukumbuka historia. Kiswahili sanifu hakikuteremka kutoka mbinguni. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, iliamuliwa kwamba Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuipitia miswada ya vitabu vya Kiswahili na kuipa kibali cha lugha. Tangu mwanzo, basi, mwandishi wa Kiswahili amekuwa akisomwa na msomaji mwenye kalamu nyekundu kabla ya kusomwa na msomaji mwenye kiti barazani. Shaaban Robert mwenyewe, ambaye wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyao, alikuja kuwa mjumbe wa kamati hiyo. Alikijua chumba kile kwa pande zote mbili za meza.

Siandiki haya kuushambulia usanifu. Bila usanifu mimi wa Gitambi nisingeweza kusoma kitabu cha mtu wa Tanga, wala yeye kusoma makala haya. Kosa la msomaji wangu ni kutotofautisha msimulizi na mhusika. Msimulizi wangu akisema "masomo ilianza", huyo ni mimi nimekosea. Muuza bidhaa wa Bukavu akisema "batu banakuya", huyo ni yeye amesema. Rwanda na Kongo hazimo katika zile nchi nne za mwaka 1930, lakini leo Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na upande wa pili wa mto kinasemwa na mamilioni. Ikiwa fasihi ya Kiswahili inataka kutupokea, itabidi izoee kusikia watu wetu wakizungumza, hata kama msimulizi anabaki sanifu. Hilo nitalitetea mbele ya baraza lolote.

Nilipofika hapo katika daftari langu nilijiona nimeshinda, nikataka kufunga uhakiki. Bahati nzuri shangazi yangu alikuja kututembelea kwa ajili ya Noeli ya kuchelewa, kama alivyoiita mwenyewe. Shangazi ameuza sambaza Kamembe kwa zaidi ya miaka kumi na anakijua Kiswahili cha sokoni kuliko mimi na msomaji wangu. Nilimsomea hadithi ya sita kwa sauti, nikitarajia anipe haki yangu kuhusu "batu banakuya". Hapo hakushtuka hata kidogo. Lakini nilipofika mahali ambapo mwanamke yule anamkopesha kijana mgeni kilo mbili za sambaza kwa kuwa amemwonea huruma, alininyanyulia mkono.

"Mwanangu, huyu mama ana watoto?"

"Ndiyo, wanne."

"Mtaji wake ni wa kwake?"

"Amekopa kwenye kikundi."

"Basi hawezi kukopesha mtu asiyemjua. Atampa kidogo mkononi, bure, ale aondoke. Kukopesha mgeni ni kutupa mtaji wa kikundi. Huyu mama wako hajawahi kuuza kitu."

Hadithi nzima ilisimama juu ya mkopo ule. Kijana anaondoka na deni, na deni ndilo linalomrudisha sokoni mwishoni. Kurasa nne za msomaji wa mchapishaji hazikugusa jambo hilo hata kwa neno moja. Yeye alikuwa anafukuza viambishi. Nami katika safu zangu mbili sikuwa na mahali pa kuliandika, kwa sababu nilikuwa nikijibu alama alizotia yeye tu. Nilijifunza kwamba barua ya kukataliwa inaweza kukosea sababu na bado ikawa imekataa kitu kinachostahili kukataliwa. Sijui kama kuna jambo gumu zaidi kwa mwandishi kulikubali.

Jirani zetu wa Mibirizi, ambako kahawa ilianza kupandwa Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20, na sisi wa Gitambi tunaijua kazi ya kituo cha kuoshea kahawa. Matunda yaliyochumwa hutiwa majini. Mazito huzama, mepesi huelea, na yanayoelea huondolewa. Mkulima hawezi kuyavumilia mepesi mpaka yazame, yaliyoelea yameelea. Anachoweza kufanya ni kurudi shambani kuutazama mbuni: je, ni wadudu, ni ukame, au alichuma kabla ya wakati? Mama, nilipomweleza habari ya barua yangu, alinijibu kwa Kinyarwanda, buhoro buhoro ni rwo rugendo, yaani mwendo wenyewe ni wa polepole. Lakini nilimwona kesho yake asubuhi akikata matawi ya mbuni mkongwe uliozaa matunda mepesi mwaka ule. Kwake, polepole na panga vilikwenda pamoja.

Nirudi basi kwa Shaaban Robert na kwa mwalimu wangu. Nadhani mwalimu alikuwa sahihi kunipa jina hilo, ila sentensi iliyolizunguka ilikuwa fupi mno. Yaliyo na faida katika mfano wa Shaaban Robert ni matatu. La kwanza ni kwamba hakuacha kazi yake ingoje kazi nyingine: Kufikirika ilipokuwa haijachapishwa, aliandika na kutoa vitabu vingine vingi. La pili, alijaribu milango mingi, na mwishowe akachonga wake. La tatu liko ndani ya Kusadikika yenyewe: kazi iliyokataliwa inahitaji msomaji wa pili, tena mwenye ujasiri wa kuisoma kwa sauti. Subira imo katika yote matatu, lakini peke yake isingemfikisha hata Johannesburg.

Kwa upande wa milango, sisi tuna nafuu kuliko yeye. Tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, hupokea hata miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Kwa upande wa msomaji wa pili, nina wasiwasi zaidi. Tunaandika peke yetu, tunatuma kimya kimya, tunakataliwa kimya kimya, na tunafuta barua ili wenzetu wasijue. Katika darasa letu najua wanafunzi wanne wanaoandika. Niligundua kwamba watatu kati yao wamewahi kukataliwa siku ile tu niliposema kwamba mimi nimekataliwa. Wajumbe sita wa Kusadikika walikuwa gereza moja, angalau. Sisi kila mmoja alikuwa na gereza lake.

Tangu Februari tunakutana Ijumaa jioni, sisi wanne, na kila mmoja huleta kurasa tano. Kanuni ni moja: mwandishi hasomi kazi yake. Inasomwa na mwingine kwa sauti, na mwenyewe anasikiliza bila kujitetea mpaka mwisho. Nimeshasikia hadithi yangu ya sita ikisomwa mara mbili. Mwanamke wa Bukavu bado anasema "batu banakuya", na nimeandika barua fupi ya kumweleza mhariri ajaye kwa nini. Yale makosa 19 nimeyaondoa, pamoja na karamu ya mwalimu mstaafu. Mkopo haupo tena; anampa kijana sambaza chache mkononi, bure, na sasa sina sababu ya kumrudisha sokoni. Hilo bado linanishinda. Shangazi anasema atakuja Pasaka, na kwamba nisitume popote kabla hajasikia mwisho wake.